Njoo Ukiwa na Kilo Tatu

Hotuba kwa watu waliopasuliwa tumbo kwa ajili ya unene, watu wenye ugonjwa wa sukari na jamaa zao, katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu, wamama. Jambo yenu, wapapa. Jambo yenu pia, vijana mliowasindikiza wazazi wenu. Aksanti kwa kufika. Jumamosi hapa kwetu ni siku ya harusi na ya kilio, na najua kila mmoja wenu kuna mahali anakosekana kwa ajili ya kukaa hapa.

Wiki tatu zilizopita simu yangu ililia saa nne za usiku. Alikuwa mama mmoja tuliyejuana alipotoka kupasuliwa, miaka kadhaa nyuma. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Akaniambia: "Yaya, kilo kumi na mbili zimerudi. Sijakanyaga kanisani tangu Pasaka." Nikamuuliza kama amemwona daktari. Hapana. Nikamuuliza kama amezungumza na mume wake. Akasema mume anaona, ila hawajaligusa jambo hilo. Alikuwa amejifungia ndani kwa sababu watu waliompigia vigelegele alipokonda ndio haohao angekutana nao mlangoni mwa kanisa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza kwamba zile kilo kumi na mbili zilianza zikiwa tatu, na zilipokuwa tatu hakuna mtu aliyejua.

Nimekuja kuzungumza juu ya zile tatu.

Mnanijua kama muuguzi. Wengi wenu hamjui kwamba na mimi nimepasuliwa. Miaka tisa iliyopita nilikuwa na kilo 118, na urefu wangu ni sentimita 162. Magoti yalikuwa yananiuma hata nikishuka ngazi mbili, sukari ilikuwa imepanda, na usiku nilikuwa nalala nimeegemea mito kwa sababu nikijilaza pumzi inakatika. Familia ikachanga. Wamama wa likelemba yangu, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, wakanipa zamu ya kwanza, ingawa haikuwa yangu. Nikaenda India. Kule wakanitoa sehemu kubwa ya tumbo, kama robo tatu au zaidi kidogo, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Wengine wenu mlifanyiwa ile ya njia ya mkato: daktari anatengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kiasi cha mililita 30 hivi, kisha anakiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kinapita pembeni. Mwaka mmoja na nusu baada ya safari ile nilikuwa na kilo 82. Miaka minne baadaye nilikuwa na 97. Leo asubuhi nimejipima: 86.

118, 82, 97, 86. Watu hupenda kusikia namba mbili za kwanza, na kuona picha mbili, ya kabla na ya baada. Ile ya tatu ndiyo niliyoificha kwa miaka, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Nianze na papa mmoja aliyenisimamisha hapo mlangoni tulipokuwa tunapanga viti. Ameniuliza: "Mama, kama kilo zinarudi, kwa nini mtu auze kiwanja aende kukatwa tumbo?" Ni swali la haki, na nataka kulijibu kwa namba ambazo hazikutoka kinywani mwangu.

Huko Sweden, tangu mwaka 1987, madaktari waliwafuata zaidi ya watu 2,000 waliopasuliwa, wakawalinganisha na idadi kama hiyo ya watu wanene waliotibiwa bila kupasuliwa. Waliopasuliwa walifika uzito wao wa chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Wale wa njia ya mkato walikuwa wamepunguza asilimia 32 ya uzito wao. Walipofika mwaka wa kumi, upungufu ule ulikuwa asilimia 25. Wale waliofungwa mshipi kuzunguka tumbo walianza na asilimia 20, wakabaki na 14. Chukueni mtu aliyeanza na kilo 120, aliyefanyiwa njia ya mkato: anapoteza kama kilo 38, halafu miaka kumi baadaye upungufu wake ni kilo 30. Nane zimerudi. Huyo hakufanya kosa lolote la ajabu. Huyo ndiye wastani. Na wale ambao hawakupasuliwa, miaka yote ile uzito wao ulibaki karibu palepale ulipoanzia.

Kwenye sukari, nawaomba wenye ugonjwa huu wanisikilize vizuri. Katika watu wale wa Sweden, kati ya kila 100 waliokuwa na sukari kabla ya upasuaji, 72 hawakuwa nayo tena mwaka wa pili. Mwaka wa kumi walibaki 36. Nusu ya waliopona ugonjwa uliwarudia. Mimi dawa za sukari niliziacha mwezi wa pili baada ya India na sijazirudia. Lakini kidole changu bado kinatobolewa. Mtu aliyepona sukari kwa njia hii apime damu yake maisha yake yote.

Na vifo? Vilipungua, kwa kiasi cha asilimia 29, baada ya karibu miaka 11 ya kufuatiliwa. Papa, hilo ndilo jibu langu. Kilo nane zikirudi katika 38, mtu bado amepata faida kubwa, ya kupumua usingizini na kuona wajukuu. Kinachonitia hofu ni pale nane zinapogeuka ishirini kwa sababu mtu aliona nane akakimbia.

Kwa nini zinarudi? Nitaeleza kwa ufupi, maana ni jambo linaloondoa uchungu mwingi moyoni.

Mwaka 1999 Wajapani wawili, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kwamba wamegundua homoni inayotoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba kuna njaa. Inaitwa grelini. Sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa upande wa juu wa tumbo, na huo ndio upande wanaoukata wanapobakiza bomba. Ndiyo maana miezi ile ya kwanza nilikuwa nasahau kula. Saa saba inapita, saa tisa inapita, binti yangu ananikumbusha. Nilidhani nimepewa moyo mpya. Kumbe sauti tu ilikuwa imepunguzwa, na mwili una njia nyingine nyingi za kuomba chakula. Miaka ikipita, njaa inapata njia. Tena mwili uliopungua unachoma chakula kidogo kuliko zamani. Sahani ileile iliyonikondesha mwaka wa kwanza ilinisimamisha mwaka wa tatu, na baadaye ikaanza kuniongezea.

Huko Melbourne, Australia, walichukua watu 50 wanene wakawapunguza uzito kwa chakula tu, bila kisu, wakapima homoni zao za njaa. Mwaka mzima ulipopita, homoni zile zilikuwa bado ziko juu, zinawasukuma kula. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011, na nilipousoma nililia. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikiamini kwamba mimi ni mama asiyejizuia.

Mwili hauna habari za harusi unayotaka kuvaa nguo nzuri. Unajua tu kwamba kuna akiba ilipotea, na unaitafuta. Utaitafuta mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo na sisi kazi yetu haina siku ya kumalizika, na ni vizuri kulisema hilo mapema, kabla mtu hajapanda ndege.

Sasa tuzungumze bukari, ugali wetu, maana karatasi niliyopewa kule hospitalini ilitaja vyakula ambavyo sokoni kwetu hapa Lubumbashi havipo, na bukari haikuwemo.

Tumbo jembamba halipendi kitu kizito. Miezi ya kwanza tonge la bukari linakaa kifuani kama jiwe. Nyama isiyotafunwa inakwama, mate yanajaa kinywani, unaomba radhi mezani na kukimbia nje. Mtu akipatwa na hivyo mara tatu, mara nne, anaanza kuogopa chakula cha kweli. Anatafuta kinachoteleza. Uji wenye sukari na maziwa. Biskuti zilizochovywa kwenye chai. Vitumbua vya mafuta, laini, vya moto. Na sukre, yaani soda, iliyofunguliwa mapema ili gesi itoke. Hivyo vyote vinapita bila maumivu, na vinapita vingi. Tumbo lililokatwa linazuia maharagi. Soda haliwezi kuizuia. Chupa ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, na inashuka kwangu leo kama ilivyokuwa inashuka kabla ya India. Wale wa njia ya mkato wakinywa vitu vitamu hivyo wanaweza kutoka jasho, moyo ukawaenda mbio, wakatamani kulala chini. Hilo huwalinda baadhi yao, lakini si wote.

Hakuna aliyenieleza jambo hili waziwazi: kwamba vyakula vya kunitunza vitanisumbua, na vile vya kunirudisha nyuma vitanipokea vizuri. Ningelijua, ningevumilia kutafuna.

Basi tafuneni. Tonge liwe dogo kama ncha ya kidole gumba, na litafunwe mpaka liwe kama uji mdomoni, ndipo mmeze. Mimi naanza na samaki, au ndakala, yaani dagaa, au yai, au maharagi. Msimu wa vinkubala, viwavi wetu wa kuliwa, ukifika naanza na vinkubala, na hapa nawapa habari njema ya miti yetu ya miombo: vinkubala vilivyokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mtu aliyepasuliwa anahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku ili mwili usile misuli yake wenyewe. Kisha nakula mboga za majani, lengalenga au sombe, nikikumbuka kwamba kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina kalori kama 120. Bukari nailetea mkono mwishoni, kama nafasi imebaki. Siku nyingine haibaki. Maji sinywi pamoja na chakula. Nangoja nusu saa, kwa sababu maji yanasukuma chakula kishuke na tumbo linabaki tupu, linaomba tena.

Jambo la sahani lilikuwa gumu kuliko chakula chenyewe. Kwetu tunakula pamoja, mikono mingi katika sahani moja, na mkono wako unafuata mwendo wa mikono ya wenzako. Ukimaliza huwezi kusema umekula kiasi gani. Nilipoomba sahani yangu ndogo, mama mkwe wangu alidhani nimejitenga na familia ya mwanawe. Aliumia, na nilimwona anaumia. Ilibidi nimpigie magoti, nimweleze, nimwonyeshe mishono tumboni. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na sahani ya bati, ndogo, aliyoinunua mwenyewe sokoni. Amekwisha kufariki. Sahani ile ninayo mpaka leo, na ndiyo ninayolia chakula.

Halafu kuna kudonoa. Kuku haketi mezani, lakini jioni amevimba. Karanga tano ukipita jikoni, kipande cha mkate alichobakiza mtoto, vijiko viwili vya mchuzi kuonja chumvi. Mtu aliyepasuliwa hashibi kwa kudonoa, kwa sababu hakuna wakati tumbo linajaa. Wengi ninaowaona wakirudisha uzito hawali sahani kubwa hata moja kwa siku. Wananiapia kwamba hawali, na wanasema kweli: hawakumbuki kula.

Nisimulie sasa ile 97.

Mama yangu alifariki mwaka wa tatu baada ya upasuaji. Tulikaa kwenye kilio, na mnajua kilio chetu: mikeka, nyimbo, chai ya sukari usiku kucha, mikate inazunguka kwenye sinia, na anayekataa anaambiwa kwamba anajiua. Nilikula. Nilitaka kula. Ile chai ilikuwa kitu pekee chenye joto. Kilio kikaisha, watu wakarudi kwao, mimi nikarudi kazini, zamu za usiku, na chai ile ikanifuata. Biskuti zikawa kwenye mfuko wa koti. Hospitali iliyonipasua ilikuwa imeniandikia ujumbe kwa mwaka wa kwanza, kisha kimya, na mimi sikuandika. Mizani nyumbani nikaisukuma chini ya kitanda. Kikwembe kikianza kubana, fundi alikilegeza. Nilianza kupita njia ya nyuma ili nisikutane na wamama wa likelemba, wale walionipa zamu ya kwanza. Nilikuwa naona pesa zao zikinenepa juu yangu.

Siku moja nilikuwa kwenye kliniki ya watoto, naandika kadi baada ya kuwapima. Mama mmoja kijana akaniletea mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi ulikuwa umesimama miezi miwili. Nikamkemea kidogo, kwa upole: "Mama, ukiona mstari unabadilika, usingoje. Njoo mwezi uleule, ikiwa bado ni kitu kidogo." Akaitikia, akambeba mtoto wake, akaenda. Nikabaki na kalamu mkononi. Tunapeleka watoto wetu kupimwa kila mwezi na hakuna mama anayeona aibu kwamba mtoto amepimwa. Mimi nilikuwa sijapanda mizani miezi kumi na nane. Nilipanda ileile ya wafanyakazi, mlango umefungwa. 97.

Jioni ile nilimwambia daktari tunayefanya naye kazi. Hakunikemea. Aliniuliza nalala saa ngapi, nanywa nini, nina huzuni kiasi gani. Akaagiza damu. Chuma kilikuwa chini sana, na vitamini B12 pia; uchovu niliouita uvivu ulikuwa na jina. Akanitoa zamu za usiku kwa muda. Kilo kumi na moja zilichukua karibu miaka miwili kushuka, na nyingine haziko tayari kushuka, nami nimekubaliana nazo. Kwa jedwali la madaktari, 86 kwa urefu wangu bado ni unene. Kwa maisha yangu, ni kulala nimejilaza.

Kuna daftari moja huko Marekani lililoanzishwa mwaka 1994, linaloandika watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa nazo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao walitumia njia za chakula na mazoezi, si kisu, lakini ninaona mafunzo. Wengi hula asubuhi. Wengi hujipima angalau mara moja kwa wiki. Na wengi huutikisa mwili karibu saa nzima kwa siku, zaidi kwa kutembea. Kutembea hakuna ada. Mimi natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla ya moto na mabasi kuchafua hewa, na mwezi wa kumi jacaranda zikichanua natembea mbele zaidi bila kujua. Wamama wanaoogopa kutembea peke yao gizani, wana haki ya kuogopa. Tutembee wanne, watano.

Mengine nitayapitia haraka, ila msiyachukue kuwa madogo. Vitamini ni za maisha yote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Ukianza kuhisi ganzi miguuni, njoo. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, njoo siku hiyohiyo, kwa sababu mwili ukikosa vitamini B1 unaweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu kwa muda mfupi. Wasichana na wamama wenye umri wa kuzaa, msibebe mimba kabla miezi 12 mpaka 18 haijapita tangu upasuaji, na jueni kwamba kushika mimba kunakuwa rahisi zaidi mtu akikonda. Pombe inapanda kichwani haraka kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, glasi moja inafanya kazi ya kadhaa, na wapo waliohama kutoka kwenye chakula wakaingia kwenye chupa. Nimemwuguza mmoja. Sitasema zaidi.

Kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutidi, mnaniuliza sana. Zinasaidia kweli, na zinatumika pia kwa watu ambao uzito umewarudia baada ya kupasuliwa. Lakini watu waliozitumia katika utafiti mmoja mkubwa, walipoziacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya walichopoteza kilirudi. Mwili ule ule unaotafuta akiba yake. Na tafadhali, mwenye kuuza sindano sokoni bila karatasi ya daktari, bila friji, msimpe mkono wenu.

Sasa nageukia ninyi jamaa, ndugu, majirani, watu wa kanisa.

Nilipokonda, mlisema nini? Mlisema nina ukimwi. Mlisema nimelogwa. Mlisema mume hanipi chakula. Shangazi mmoja alinishika mkono mbele ya watu akalia machozi ya kweli. Naelewa inatoka wapi. Babu zetu waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, walikuwa wanapewa posho ya unga na vyakula kwa ajili ya familia, na bibi yangu alikuwa akisema kwamba mke mnene ndiye ushahidi kuwa posho inafika nyumbani. Halafu ikaja miaka ya njaa, ikaja miaka ya ukimwi, na mtu aliyekonda tulikuwa tunamhesabia siku. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini mama aliyepasuliwa mnamwambia "rudisha mwili, mama, umezeeka," mnamjazia sahani, mnakasirika akiacha. Na mwili unaporudi, walewale wanasema pesa za India zimeliwa bure. Aende wapi?

Msimpongeze kwa kukonda kana kwamba ameshinda uchaguzi, na msimcheke anaponenepa. Muulizeni kama amekunywa vitamini zake. Kwenye kilio, mwekeeni maji na ndakala mahali pa chai na mikate, bila kumtangaza. Mume asimame upande wake mezani, mbele ya mama yake mwenyewe. Wangu alichelewa kufanya hivyo, akaja akafanya, na siku ile ninaikumbuka kuliko siku ya kutoka hospitalini.

Nanyi mliopasuliwa, kilo tatu ni kipimo changu. Hakuna daktari aliyekiandika mahali. Uzito wenu wa chini ukishatulia, kupanda moja na kushuka moja ni kawaida. Zikifika tatu na zikakaa mwezi, njoo. Kwenye tatu bado tunaweza kuuliza maswali kwa utulivu: ni kudonoa? ni sukre? ni dawa mpya, kama insulini au sindano ya kupanga uzazi, ambazo zinaweza kuongeza uzito? ni msiba? ni usingizi? au ni tumbo lenyewe limepanuka na linahitaji kuangaliwa kwa picha? Kwenye ishirini maswali ni yaleyale, lakini mwenye kuyajibu amekwisha kujihukumu, na mtu aliyejihukumu hajibu vizuri.

Na aliyekwisha kufika ishirini, aje na ishirini zake. Kiti chake kipo.

Yule mama wa simu ya usiku yumo humu ndani. Amenipa ruhusa ya kusimulia, si ya kumtaja. Amekuja kwa miguu, na mume wake yuko naye.

Tutakuwa hapa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, katika chumba kidogo cha upande, mlango umefungwa, mtu mmoja mmoja. Mizani ipo, kipimo cha damu ya kidole kipo, daktari amekubali kuja. Njooni na karatasi za hospitali mlikopasuliwa, hata kama zimeandikwa Kiingereza au Kituruki. Tutatafuta wa kutusomea. Aliyezipoteza aje hivyohivyo. Leo chumba kiko wazi baada ya chai, na chai ya leo haina sukari. Nitapanda mimi kwanza.